Sikumwacha, Tulikatika

Neema aliingia dukani kwangu kabla sijamaliza kufuta vumbi kwenye mashine ya fotokopi, khanga kaifunga kiunoni vile wafungavyo wafiwa, mkononi ana karatasi ya daftari iliyokunjwa. "Shikamoo, Mamdogo." Nikaitikia, nikampa tena pole niliyokwisha kumpa jana yake msibani Bangwe, maana pole haiishi. Alikuwa ameleta wasifu wa marehemu mama yake, Dafroza, niuchape uwahi mazishi ya alasiri. Hiyo ndiyo kazi yangu siku hizi. Nina steshenari hapa Mwanga, Kigoma, nachapa barua za kuomba kazi, mikataba ya viwanja, kadi za harusi na wasifu za maiti, na hizi za mwisho nimezichapa nyingi kiasi cha kujua kwamba zote ni moja: alizaliwa, alisoma, aliolewa, aliugua, ameacha. Nikavaa miwani nikaanza, na mambo yakaenda vizuri mpaka nilipofika kwenye hilo neno la mwisho. Hapo Neema alikuwa ameandika "Marehemu ameacha", akaweka jina lake, kisha chini yake jina la Fideli na alama ya kuuliza. "Mamdogo," akasema, "kaka nimweke wapi? Kwa walioachwa au kwa waliotangulia? Nimewauliza wazee nyumbani, kila mtu ana lake." Nilimwambia akae kwenye benchi anywe maji, nami nikabaki naitazama ile alama ya kuuliza, na hasira niliyodhani imekwisha zamani ikanipanda upya.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule ambao watu wa Burundi walivuka kwa wingi wakashukia Kagunga. Anayekijua kijiji kile anajua kwamba mlima umekisukuma mpaka majini na barabara hakuna, kwa hiyo kila aliyeingia kwa miguu alitoka kwa meli, analetwa hapa Kigoma bandarini, kisha anapandishwa lori kwenda kambini. Mimi nilikuwa msichana mbichi kutoka Tanga, nimepata kazi ya uchapaji kwenye shirika moja lililokuwa likiwasafirisha, na nilikuwa na majivuno kwa sababu nilisomea kompyuta wakati wenzangu wengi walikuwa bado wanagonga taipureta. Ofisi yetu ilikuwa nyumba ya zamani karibu na stesheni ya reli, vyumba viwili vilivyotenganishwa kwa ukuta wa mbao laini. Upande mmoja nilikaa mimi, kompyuta iliyogeuka rangi kuwa ya manjano, na printa ya utepe iliyolia mpaka meno yakauma. Upande wa pili alikaa mkuu wetu, Bwana Lema, mtu wa Moshi, pamoja na redio ya mawasiliano, na maneno yake yote yalinifikia kana kwamba yuko mgongoni kwangu. "Kagunga, Kagunga, unanipata? Ova." Halafu mkwaruzo, halafu sauti ya mbali ikitaja majina. Dirishani uliingia ule upepo wa ziwa unaonuka dagaa wanaoanikwa, na chakula cha mchana kililetwa kikiwa chekundu kwa mawese, wali mwekundu, maharage mekundu, samaki wa migebuka wekundu. Mwezi wa kwanza nililia kwa kutamani nazi.

Kazi yangu ilikuwa jedwali. Majina yaliyosomwa redioni Bwana Lema aliyaandika, mimi nikayachapa: kila mtu mstari wake, umri wake, jinsia yake, na kila kaya ilikuwa na namba iliyoandikwa mara moja tu, kwenye mstari wa mkubwa wa kaya. Waliomfuata walijulikana ni wa kwake kwa kuwa wako chini yake. Nikimaliza naprinti, karatasi zinapelekwa bandarini, na huko kulikuwa na desturi ambayo Bwana Lema aliipenda kuliko kitu chochote kwa sababu ilimpunguzia maneno: karatasi moja, lori moja. Karani wa kwanza anachukua karatasi ya kwanza, anaita majina, anajaza lori lake. Wa pili naye hivyo hivyo. Ilikwenda haraka, na haraka ndiyo tuliyosifiwa kwayo. Hakuna aliyewahi kujiuliza karatasi inakatikia wapi. Inapojaa inakatika, basi, kinachobaki kinaanza ukurasa wa pili.

Dafroza aliletwa kuwa mkalimani. Alikuwa karani huko Bujumbura, alikuwa na kibali cha kutoka kambini, amevaa sweta ya kiume kwenye joto lile, na kitu cha kwanza alichofanya hakikuwa kusalimia. Aliziendea karatasi nilizokuwa nimetoka kuprinti, akazipanga mezani, kidole kikashuka mpaka mstari wa mwisho wa karatasi ya kwanza kisha kikaruka mpaka mstari wa kwanza wa karatasi ya pili. "Hapa nani anakata?" akauliza. Nikamwambia hakuna anayekata, mashine inakata yenyewe. "Mashine haina mtoto," akasema. Nilimwona mwanamke mjuaji, na nikaazimia kutompenda. Azimio hilo halikufika hata Ijumaa.

Nilikuwa nimepanga chumba Bangwe, chenye dirisha moja linalotazama majani ya migomba ya jirani, kitanda cha kamba na jiko la mkaa nililoliweka mlangoni. Dafroza alikuwa akija kula kwangu kwa sababu bwalo la wafanyakazi lilimchosha kwa maswali. Alinifundisha kusonga ugali wa muhogo usio na mabuje, nami nikamfundisha kula pilipili. Siku moja, tukiwa tumeinamia dagaa, akataja kwamba ana mtoto wa kiume, nikamuuliza kama ambavyo mtu yeyote wa kwetu angeuliza: "Na huyo mwanao, ulimwacha wapi?" Akaweka tonge chini. "Oya," akakataa kwa Kirundi. "Sikumwacha. Miye sijaacha mtoto, Hawa. Tulikatika." Kisha akanieleza, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. Walivuka wanne: yeye, mama yake Sabina Ntirampeba, mdogo wake Goreti Habonimana, na mwanawe Fideli Irakoze, mvulana wa kuanza shule. Kwenye jedwali, yeye na mama yake walikuwa mistari ya mwisho ya karatasi. Goreti na mtoto wakawa mistari ya kwanza ya karatasi iliyofuata. Karani akamwambia panda mama, malori yote yanaenda pamoja. Lori lake likaenda upande wa Kasulu. Asubuhi ile ile ikasemekana Kasulu kumejaa, na lori la pili likageuzwa kwenda Kibondo.

Nikasema, lakini si wangeonekana ni ndugu? Dafroza akacheka, kicheko kibaya. "Kwa jina gani?" Na hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo sisi wote pale ofisini, watu wa Tanga na Moshi na Musoma, tulikuwa tunalipita kila siku kama vipofu. Kwetu mtoto hubeba jina la baba, ukiona majina ya mwisho yamelingana unajua hawa ni wa nyumba moja. Kwao kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, la shukrani au la uchungu au la siku aliyozaliwa, na ndugu wa tumbo moja wanaweza wasilingane hata herufi. Wale wanne walikuwa kaya moja kwa kuwa walikuwa chini ya namba moja, hakuna kingine. Ukurasa ulipokatika namba ikabaki juu, na Goreti na Fideli wakafika Kibondo wakiwa watu wawili wasiojuana. Goreti alishuka na homa, akapelekwa kwenye hema la wagonjwa, akafa bila kusema yeye ni nani kwa nani. Mtoto akaandikwa hana mlezi, akachanganywa na wengine wasio na walezi, na Dafroza alipopata ruhusa ya kufika huko, hema lile lilikuwa limekwisha kuhamishwa na hakuna aliyejua Fideli alipewa nani. Waliosoma jina lake walisoma jina tu. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na walisema kweli.

Basi tukaanza vita na ile mashine. Nami, kwa ujuzi wangu wa majivuno, nilifanya ambacho kila mchapaji anayeanza hukifanya: kaya ikikatika, naweka mistari mitupu juu yake mpaka isukumwe yote ukurasa wa pili. Ikapendeza. Kesho yake redio ikaleta majina mapya, nikayaingiza juu, kila kitu kikashuka, na ile mistari mitupu ikaenda kukaa katikati ya kaya nyingine, shimo katikati ya mama na wanawe. Karani mmoja bandarini akaona nafasi akadhani ni mwisho wa kaya, na kidogo apandishe mapacha peke yao. Dafroza aliwawahi akipiga kelele. Alirudi ofisini, akaketi kwenye kiti changu bila kuomba. "Usisukume kwa mkono," akasema. "Ukisukuma kwa mkono, kesho vinarudi. Iambie mashine yenyewe."

Alikuwa anakumbuka kwamba Bujumbura, kwenye kompyuta ya Kifaransa, palikuwa na mahali pa kutia tiki, na neno lake lilikuwa solidaire. Hilo neno alilirudia kama mtu anayetafuta ufunguo mifukoni. Watu walio solidaire, akanifafanulia, ni walioshikana, mmoja akivutwa wote wanavutwa. Kompyuta yetu ilikuwa ya Kiingereza, na kwenye menyu zake hapakuwa na neno hilo. Tukafungua kila kidirisha, yeye akisoma kwa Kifaransa kichwani, mimi kwa Kiingereza cha kubabaisha, mpaka kwenye mambo ya aya tukakuta sentensi fupi iliyosema, kwa maana yake, kaa na anayefuata. Dafroza akanishika bega mpaka likauma. "Ego! Ndiyo, ni hiyo hiyo." Nikalitia weusi jedwali zima, yaani nikalichagua lote, nikatia tiki, nikaprinti. Lo, mashine ikakata ovyo kuliko hata mwanzo. Nilitaka kuitupa ziwani. Yeye ndiye aliyekaa akaiwaza, kalamu mdomoni, kwa muda wa chai kupoa, akasema, "Umewashikanisha wote. Kaya na kaya, mpaka chini. Sasa hawatoshi ukurasa mmoja, mashine inakata inapotaka. Yule wa mwisho wa kila kaya inabidi aachiliwe." Ndivyo ilivyo mpaka leo, na wateja wangu nawafundisha bure: shikanisha wa kwanza na wa pili, wa pili na wa tatu, lakini wa mwisho usimshikanishe na yeyote, hapo ndipo ukurasa unaporuhusiwa kukatika. Tukafanya hivyo kaya kwa kaya. Kichwa cha jedwali tukakiamuru kijirudie juu ya kila karatasi. Tulipoprinti, kaya iliyokuwa ikatike ilihama yote, mama na watoto na bibi, ikaanza ukurasa mpya, na chini ya ukurasa wa kwanza pakabaki peupe. Dafroza aliupapasa ule weupe kwa kiganja. Sijamwona mtu akipapasa karatasi hivyo tena.

Bwana Lema hakuupenda weupe ule. Alizishika karatasi dhidi ya mwanga. "Binti, hapa chini kuna nini?" Nikasema hakuna kitu. "Ndiyo shida yangu. Karatasi moja lori moja. Karatasi ikiwa na nafasi, lori litaenda na nafasi, na mafuta ninayopewa ni ya lori lililojaa. Rudisha kama ilivyokuwa." Dafroza alikuwa amesimama nyuma yangu. Alimwambia kwa upole uliozidi kiasi, "Bosi, ile nafasi ni ya watu. Ni watu waliokwenda na mama yao." Akarudi chumbani kwake, na kupitia ule ukuta tulimsikia akikohoa, akipanga vitu. Halafu tukamsikia akiita bandari kwenye redio. "Nafasi zitakazobaki kwenye lori, pakieni magunia ya unga. Ndiyo. Unga. Unga hauna ndugu. Ova." Hakutoka kutueleza. Mtu yule sikumpenda sana, lakini kwa siku ile Mungu amlipe.

Natamani ningeandika kwamba kuanzia hapo mwaka ulinyooka. Ulinyooka kwa wengine. Meli zilikuja, kaya zilipanda malori zikiwa nzima, na Dafroza alikuwa akisimama bandarini akiwahesabu kwa macho. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nami kwa ujana wangu nilidhani kazi ile inampa faraja. Kisha, mvua zilipoanza, tukasikia redioni jina. Bwana Lema alikuwa akiuliza kila kambi, bila sisi kujua, na siku hiyo Kibondo ikajibu: "Irakoze? Irakoze ndiyo, yupo. Hana mlezi. Umri kama huo. Ova." Dafroza alikuwa anakunywa chai. Aliweka kikombe, akavua ile sweta, akaanza kuikunja vizuri, kana kwamba anakwenda kumvisha mtu. Wakampa nafasi kwenye lori la unga.

Aliporudi alikuja moja kwa moja chumbani kwangu Bangwe. Ilikuwa mchana, nilikuwa nimeivisha mgebuka. Alikula, akala sana, akalamba hata vidole, nami nikangoja. Sweta hakuwa nayo. "Ni msichana," akasema mwishowe. Lile jina, Irakoze, maana yake ni kumshukuru Mungu, na kwao hupewa wa kiume na wa kike vilevile. "Msichana mzuri. Alidhani miye ni mama yake, kwa sababu nilifika nikiita jina lake. Nilimsuka nywele. Nikamwambia miye siye." Kisha akainamisha kichwa mezani, kwenye miiba ya samaki, na sauti iliyomtoka sitaki kuieleza. Jirani alichungulia mlangoni, akasema kwa Kiha, ihangane, yaani vumilia, akaondoka. Mimi nilikuwa sijui kushika mtu aliyevunjika. Nilimshika hivyo hivyo.

Kumtafuta hakukwisha mwaka ule, kulipungua sauti tu. Mama yake Sabina alifia kambini Kasulu. Dafroza baadaye aliolewa na mtu wa hapa, akapata karatasi zake, akamzaa Neema, akauza mawese sokoni Ujiji mpaka magoti yalipomkatalia. Kila meli iliyoleta watu miaka iliyofuata alikwenda bandarini. Fideli angekuwa na nywele za mvi pembeni sasa, lakini yeye bado alikuwa akiwatazama wavulana. Na watu, bila ubaya, walikuwa wakimuuliza palepale: mama, mwanao ulimwacha wapi? Naye akijibu vilevile, bila kuchoka, kama mtu anayesahihisha tahajia. Sikumwacha. Tulikatika.

Nikamwita Neema aje karibu na kioo cha kompyuta. "Maneno haya," nikamwambia, "mama yako asingeyakubali." Nikalifuta neno "ameacha", lote, na ile alama ya kuuliza nikaifuta pia. Badala yake nikaandika mstari unaoanza "Watoto wake", halafu chini yake jedwali dogo la watu wa damu yake: Sabina, Dafroza, Goreti, Fideli, Neema. Majina yao ya pili, yote matano, hayakufanana, hata la Neema, kwa kuwa mama yake hakukubali kumpa jina la baba. Nikaangalia ukurasa utakavyotoka. Wallahi, sikupanga hili: mashine ilikuwa imekata baada ya Dafroza. Goreti na Fideli walikuwa juu ya ukurasa wa pili, kama siku ile bandarini. Kisha nikawatia weusi kuanzia ule mstari wa juu ya Sabina mpaka Fideli, nikatia tiki ileile, nikamwacha Neema wa mwisho huru kama inavyotakiwa. Wote wakahama. Chini ya ukurasa wa kwanza pakabaki peupe pakubwa.

"Mamdogo, hapo si ungeweka picha ya mama?" Neema akauliza. "Karatasi inaonekana kama imeharibika." Nikamwambia aache hivyo hivyo, pale ni mahali pa unga. Hakunielewa, nami nikabonyeza printi.

Alasiri tulikuwa Bangwe makaburini, jua kali, vumbi jekundu kwenye viatu vya kila mtu. Katekista alisoma ukurasa wa kwanza kwa haraka ya mtu aliyesoma wasifu nyingi, akafika kwenye weupe, akafungua wa pili, na kwa mazoea kabla hajatazama akaanza: "Marehemu ameacha..." Akaisogeza karatasi karibu na macho. Neema alinishika mkono. "Watoto wake," akasoma katekista, taratibu sasa, "ni Fideli na Neema."